Mdogo wangu amechukua gari langu, na mama hataki niende polisi

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 34, ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu. Gari langu nililinunua kwa mkopo, nikakatwa mshahara miaka minne mpaka nikamaliza mwaka jana. Kadi ina jina langu peke yangu.

Wiki tatu zilizopita nilitoka zamu ya usiku, nikarudishwa na basi la wafanyakazi, nikakuta pale ninapoegesha pamebaki doa la oili tu. Ufunguo wangu ulikuwa mkobani. Nikakimbilia droo ya kabati, ule wa akiba haupo. Nikampigia mdogo wangu, maana tumezaliwa wawili na ni yeye pekee anayejua unapokaa. Akacheka: "Nimelitumia kidogo tu dada, kesho nalirudisha." Kesho ikawa keshokutwa, kisha akaacha kupokea simu. Akinijibu kwa meseji ananiambia, "Si ulishaniruhusu?" Kweli niliwahi kumpa mara mbili, mara ya kwanza ampeleke mama hospitali, ya pili ahamishe vitu vyake. Mara zote mbili aliniomba.

Wiki iliyopita rafiki yangu aliliona kwenye ua wa bwana mmoja anayekopesha watu fedha. Nikaenda. Limefunikwa turubai, kioo cha pembeni kimevunjika. Yule bwana hakunitukana wala kunitisha, alinionyesha karatasi tu. Mdogo wangu amesaini kwamba gari ni lake na ameliweka rehani. "Lete deni lake uondoke na gari," akaniambia, akafunga geti. Juu ya hayo nimeshapokea arifa mbili za faini ya mwendo kasi, zote kwa jina langu, za siku ambazo nilikuwa wodini.

Mama anasema nikimpeleka mdogo wangu polisi nisimwite mama tena. Rafiki yangu ana mawazo mawili. La kwanza, niripoti kwamba gari limeibwa na watu wasiojulikana. Polisi watalikuta kwa yule bwana, mdogo wangu hatatajwa, na likichelewa bima italipa. La pili, tumchukue mwenye gari la kuvuta na vijana wachache wenye nguvu, tuingie usiku tulitoe. Nimeshaongea na mwenye gari la kuvuta, tumepanga Jumamosi. Unaonaje, Mjomba?

Dada Mkubwa

Marahaba, mpwa wangu.

Jumamosi ahirisha. Mpigie huyo mtu sasa hivi, kisha urudi uendelee kusoma.

Mawazo ya rafiki yako yote mawili ni mabaya, ila la kwanza ndilo baya zaidi, na ndilo linalovutia zaidi kwa sababu linaonekana kumridhisha kila mtu. Nianze nalo.

Ukiandikisha kwamba gari limeibwa na wasiojulikana, namba yake inaingia kwenye orodha ya magari ya wizi. Kuanzia hapo kila askari atakayeliona barabarani atamchukulia anayeendesha kuwa jambazi, na atamsimamisha kama wanavyosimamishwa majambazi. Leo limefunikwa turubai. Kesho yule bwana anaweza kumruhusu mdogo wako alitoe kidogo, au akamtuma kijana wake. Akisimamishwa usiku, mtu aliyeshika usukani akapaniki na kukanyaga mafuta, hutapata nafasi ya kumweleza yeyote kwamba ulitaka kumlinda. Mama yako hajafikiria hilo. Anadhani kutomtaja mwanawe ndiyo usalama wake.

Halafu uongo wenyewe hautadumu hata siku moja. Askari wakifika kwenye ule ua, yule bwana atatoa karatasi yake, na jina la mdogo wako liko pale chini kwa saini. Atasema pia kwamba wewe ulikuja wiki iliyopita, mkaongea, ukaondoka. Sasa aliyedanganya ni nani? Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa karibu kila mahali, na ukishakamatwa na uongo mmoja, ukweli wako wote uliobaki unapungua thamani.

Kwenye bima ndiyo usithubutu. Kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikaa miaka kwenye meza ya madai ya magari, na swali letu la kwanza kwa aliyeibiwa lilikuwa moja: funguo zilikuwa ngapi, na zote ziko wapi? Tulikuwa na sababu. Magari mengi ya kisasa yana kinga inayozuia injini kuwaka mpaka chipu iliyomo ndani ya ufunguo itambuliwe. Mwizi wa mtaani anaweza kuvunja kioo na akabaki amekaa ndani ya gari lisilowaka. Wapo wezi wenye vifaa vya kuipita kinga hiyo, lakini gari likiondoka kimya kimya, bila kioo kuvunjwa, na mwenye gari akaleta ufunguo mmoja badala ya miwili, aliyekaa upande wangu wa meza huweka kalamu chini na kuanza kuuliza habari za ndugu. Na dai likishakuwa na uongo ndani yake, bima nyingi zina haki ya kulikataa lote.

Kuhusu vijana wenye nguvu, sitachukua muda. Sheria za nchi nyingi zinamkubali mwenye mali kuchukua mali yake mwenyewe akiikuta, mradi havunji kitu, hatishi mtu, na haingii kwa nguvu mahali pa watu. Gari lako lingekuwa limeegeshwa kando ya barabara, una ufunguo na kadi, ningekwambia nenda mchana na mashahidi wawili, uliwashe, uondoke. Lakini liko nyuma ya geti la mtu ambaye anaamini, japo kwa makosa, kwamba ana haki nalo. Atapiga kelele za mwizi, na kwa sauti ya geti linalovunjwa usiku, majirani watamwamini. Mmoja akiumia, wewe mlalamikaji unageuka mshtakiwa kabla hapajakucha.

Tuje kwenye haki yako, maana naona kwenye barua yako umeanza kuitilia shaka.

Ile "ulishaniruhusu" ya mdogo wako haina uzito. Uliyemruhusu kumpeleka mama hospitali, ulimruhusu safari ya hospitali. Ruhusa ya siku moja haimpi ya siku zote, na hakuna ruhusa ya kuendesha inayozaa ruhusa ya kuweka rehani. Ila watu wa sheria hutenganisha mambo ambayo sisi wengine tunayaita wizi tu. Katika sheria nyingi, wizi unahitaji nia ya kumnyima mwenye mali kitu chake moja kwa moja, na mtu anayesema "nitalirudisha" huponea hapo. Ndiyo maana kuchukua chombo cha usafiri bila ridhaa mara nyingi huwekewa kosa lake. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, kwa mfano, ina kifungu cha namna hiyo, na hakiulizi kama mchukuaji alikusudia kukaa nalo daima. Kwa hiyo mdogo wako alipoondoka na ufunguo wa akiba alikuwa kwenye kosa hilo dogo. Aliposaini kwamba gari ni lake akachukua fedha, alivuka mpaka. Hapo amekukosea wewe na amemtapeli pia yule mkopeshaji, na hilo la pili huna uwezo wa kulisamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Mama ajue hivyo.

Na yule bwana? Hakuna anayeweza kutoa asichokuwa nacho. Mdogo wako hakuwa na umiliki, kwa hiyo hakuwa na cha kuweka rehani, na karatasi ile inambana aliyeisaini, haikubani wewe. Deni ni la hao wawili. Wengine watakwambia lipa yaishe. Mimi sikushauri, kwa sababu atakayejifunza jambo ni mdogo wako, na atakachojifunza ni kwamba gari la dada ni benki. Lakini kabla sijajiamini mno, nijibu mambo mawili. Je, umewahi kumsainia mdogo wako karatasi yoyote, hata ya udhamini, hata "weka sahihi hapa dada, ni ya kazini"? Na kadi yenyewe iko wapi? Umeniambia ina jina lako, hukuniambia imelala wapi. Kaitazame leo. Kama ulikuwa unaiacha kwenye dashibodi, na wengi huiacha, basi yule bwana anayo, na mwenye kadi, ufunguo na gari anaweza kumpata mnunuzi asiyeuliza maswali. Ikiwa haipo, kabla ya jambo jingine lolote nenda kwenye mamlaka inayosajili magari, waeleze, uombe waweke zuio ili umiliki usihamishwe.

Ukiwa na kadi, au nakala yake, nakili namba ya chesisi. Si namba ya kibao, kibao hufunguliwa kwa bisibisi. Ya chesisi kwenye magari mengi ina tarakimu na herufi 17, na ndani ya namba ya namna hiyo huwezi kukuta herufi I, O wala Q, maana zinafanana na 1 na 0 (yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi, hayafuati kanuni hii). Ukiona mojawapo kwenye nakala yako ya namba yenye 17, ujue umekosea kunakili, na kosa dogo namna hiyo linaweza kufanya gari lisionekane kwenye kumbukumbu. Andika pia alama ambazo wewe tu unazijua, kama mkwaruzo, kiti kilichoshonwa, stika ya zamani. Hifadhi meseji zote za mdogo wako, hasa ile ya "Si ulishaniruhusu?" Amekiri humo, ingawa hakujua.

Sasa mwandikie, usimpigie. Maneno machache yasiyo na matusi: gari ni langu, sikukuruhusu kulichukua, ruhusa zozote za nyuma zimekwisha, nakupa saa 48 uje twende pamoja kwa fulani ukamwambie mbele yangu kwamba gari si lako. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Kurudisha gari hawezi tena, halimo mikononi mwake. Kusema ukweli mbele ya mkopeshaji anaweza, na mkopeshaji akisikia kwa kinywa cha mdaiwa wake kwamba rehani ni hewa, mara nyingi hufungua geti mwenyewe, kwa sababu kuendelea kushikilia mali ya mtu ukijua si ya mdaiwa wako ni kujitafutia kesi. Yule bwana naye mpelekee barua yenye nakala ya kadi na siku ya mwisho ya kukabidhi gari, na mtu wa kushuhudia kwamba ameipokea. Mtu ambaye hakukutukana ulipokwenda kwake, inawezekana anaogopa hasara yake kuliko anavyokuchukia.

Saa 48 zikipita, nenda polisi ukaseme lilivyo: gari langu lilichukuliwa na ndugu yangu tarehe fulani kwa ufunguo wa akiba, sikuruhusu, sasa liko kwa fulani, ninachotaka ni lirudi. Omba namba ya taarifa yako. Usishangae wakikujibu "hayo ni ya kifamilia" au "hilo ni la madai, nenda mahakamani". Usigombane nao. Omba yaandikwe hivyo hivyo ulivyoyasema, na uombe askari akusindikize siku ya kulichukua, maana geti ambalo halikufunguka kwako peke yako mara nyingi hufunguka kwa sare. Ikishindikana, mahakama inaweza kuamuru gari likabidhiwe kwako, au angalau lisiuzwe wala lisiguswe wakati shauri likisikilizwa. Wakili mmoja kwa barua moja anaweza kuanza hilo.

Ziko arifa za faini. Usizilipe kwa hasira wala usizitupe, zina muda wa kujibu. Sehemu nyingi zinamtaka mwenye gari aseme nani aliendesha siku hiyo, na ukikaa kimya wewe ndiye unayehesabiwa. Unaona basi kwamba mpango wa kutomtaja mdogo wako usingefika mbali? Kamera ilishakulazimisha. Ambatanisha ratiba yako ya zamu.

Bima waarifu leo, hata kama hudai chochote. Mikataba mingi ina muda wa kutoa taarifa, na mingi haifidii gari lililochukuliwa na ndugu au mtu aliyewahi kuaminiwa nalo, kwa hiyo usijenge matumaini huko. Ila usije ukaikatisha kwa hasira ukisema "simlipii bima mwizi". Gari liko nje kwa jina lako. Likimgonga mtu, utajua umuhimu wa ile bima.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ndiye mgumu.

Usiende kumwomba ruhusa. Ukimwomba, atakataa, na baada ya hapo kila hatua utakayochukua itakuwa umemvunjia amri. Nenda kumpa habari. Nadhani hajui kuhusu ile karatasi. Wazazi wengi katika hali yake wanalinda kosa walilosimuliwa, na walichosimuliwa ni kwamba kijana kaazima gari la dada yake. Mwambie kilichosainiwa. Mwonyeshe arifa za faini. Mwambie mwanawe anadaiwa na mtu mwenye ua na geti. Kuna swali hapo ambalo hata wewe hukuliuliza kwenye barua: fedha alizihitaji za nini? Kijana asiyekuwa na tabia hii, akianza ghafla kuweka rehani mali ya nduguye, huwa kuna shimo mahali. Kamari, mkopo juu ya mkopo, mtu anayemtisha. Sisemi umwokoe, nasema mama akilijua hilo ataacha kukuona wewe kuwa ndiye hatari kwa mwanawe.

Usimfanye mpatanishi, hata akijitolea. Atabeba maneno yenu akiyapunguza makali pande zote mbili, na mtamaliza mwezi mkiamini mmekubaliana. Kama kuna mtu mzima ambaye mdogo wako humsikiliza, huyo ndiye awepo siku ya kwenda kwa mkopeshaji. Na mwambie mama ukweli mmoja ambao watu hufichwa: kesi ya jinai ikishafunguliwa, kuifuta si mara zote kuko mikononi mwa aliyelalamika. Ndiyo maana unatoa saa 48 kwanza. Nafasi ya mwanawe iko ndani ya saa hizo. Akitaka kumsaidia, amwambie apokee simu.

Kwamba hatakuita mwanawe tena, hilo sina dawa yake. Anaweza kuwa kimya muda mrefu. Lakini gari ulilolikatwa mshahara miaka minne si kosa lako kulitaka.

Siku litakaporudi, usiliwashe ukaondoka nalo kwa furaha. Piga picha kilomita kwenye dashibodi, kile kioo, matairi na jeki kama ipo. Angalia chini ya viti na kwenye buti mbele ya askari au shahidi, na ukikuta kitu kisicho chako usikishike, mwite askari akione kwanza. Andikeni mliyoyakuta, msaini wote. Kisha mtafute fundi wa funguo mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, afute ule ufunguo wa akiba kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo, hata mtu akiwa nao hauwashi injini. Mlango bado utafungua, kwa hiyo usiache vitu ndani, na kitasa utabadilisha ukipata nafasi. Ukiweka na kifaa cha GPS, kifichwe na fundi unayemwamini wewe, si rafiki wa mdogo wako. Vingine vinaweza kuzima injini kwa simu; kamwe usifanye hivyo gari likiwa linatembea, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu kukanyaga kwa mtu aliyeko ndani, hata kama ni yule uliyemkasirikia.

Na yule mwenye gari la kuvuta usimwache moja kwa moja. Gari lililokaa siku zote hizo chini ya turubai linaweza kuwa na betri iliyokufa, na hutaki kuwa umesimama kwenye ua wa mtu, askari wako anaangalia saa, huku unatafuta wa kukupa moto. Mwambie utamwita, ila itakuwa mchana, na kadi utakuwa nayo mkononi.

Niandikie likirudi.

Mjomba